Nadai Risiti ya Chemba

Mlangoni kwangu kuna shimo. Ni chemba ya maji machafu, hapa hapa Kariakoo, hatua sita kutoka kizingiti cha nyumba niliyopanga. Zamani ilikuwa na mfuniko wa chuma. Masika ya mwaka 2024 mfuniko ukaondoka usiku na watu wa vyuma chakavu, ukatuachia mdomo wazi na harufu yake. Majirani tukafanya kile ambacho kila mkazi wa Dar anakijua tangu utotoni: tukachomeka tawi la mwarobaini, tukazungushia tairi bovu, tukaisubiri serikali.

Tawi likakauka. Tukachomeka la pili, nalo likakauka. La tatu likachipua. Fundi cherehani jirani yangu akasema sasa tunyamaze, wakija wa mazingira wanaweza kutuzuia tusiling'oe.

Msidhani nilikaa tu. Nilikwenda ofisi ya kwanza. Kijana mwenye adabu zake akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mzee wangu, sisi ni barabara. Shimo lako haliko barabarani, liko pembeni." Ofisi ya pili wakasema, "Sisi ni mabomba, baba. Mfuniko si bomba." Ofisi ya tatu wakauliza kwanza kama nimekuja na barua, kisha wakasema kitu kikiibwa usiku hilo ni suala la ulinzi shirikishi. Nikarudi mtaani, ofisi ya serikali ya mtaa. Pale nikavutiwa kiti, nikaulizwa habari za nyumbani na za watoto, ndipo nikaambiwa lile neno ambalo watumishi wa umma hulitamka kwa huzuni kana kwamba wametoka mazikoni: "Kasma haina kitu, mzee. Fedha hazijasoma. Subiri bajeti mpya."

Basi nikasubiri bajeti mpya kama watu wanavyosubiri mwezi wa Idi.

Ndiyo maana Alhamisi ya tarehe 13 Juni 2024, mimi muuza zipu na vifungo, ambaye katika hotuba zote za bajeti huwa nasikiliza sehemu ya bia na soda peke yake, nilikaa mbele ya televisheni ya fundi tangu mwanzo. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, yule wa skafu ya rangi za bendera, alisoma kule Dodoma na mimi nikasikiliza kwa daftari na kalamu. Nilisikia reli, nikasikia umeme, nikasikia barabara na madaraja. Nikakaza sikio kusubiri chemba. Wenzangu kijiweni walikuwa kwenye bajeti nyingine kabisa, ile ya usajili wa Simba na Yanga. Pale mtu asiyejua kodi ya pango lake mwenyewe anakutajia dau la mshambuliaji wa Kikongo na vipengele vya mkataba wake, mpaka kile cha kuvunja. Nikawaambia, "Jamani, waziri anataja pesa zetu." Mzee wa kahawa akanijibu bila kugeuka, "Zetu zilipotoka mfukoni zilikuwa zetu. Kaa chini unywe kahawa."

Jumla ya bajeti ya mwaka wa fedha wa 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Nikarudi kwenye fremu yangu niipige hesabu. Kikokotoo changu kina nafasi za tarakimu 12. Trilioni 49 zinataka 14. Nilipoijaribu, mashine ikaandika herufi moja pembeni na kunyamaza. Ilibidi niende kwa muuza vitenge wa jumla, ambaye kikokotoo chake kimezoea mambo makubwa, nacho kikatoa jasho. Nikamalizia karatasini, kama tulivyofundishwa na mwalimu mwenye fimbo.

Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Ukiwagawia hao trilioni 49.35, kila mmoja anapata kama 799,000. Laki nane kasoro kidogo. Nikasema alaa, kumbe kila mmoja wetu ana laki nane zake Dodoma, na mtoto aliyezaliwa jana hospitali ya Amana anazo! Fundi wa zege alikuwa ameshanipa bei ya mfuniko mpya wa zege na nondo, fremu ya chuma na kazi yenyewe: 180,000. Kwa hiyo laki nane zangu ni mifuniko minne na chenji inabaki. Mimi nataka mmoja. Ile mitatu nawaachia ndege, reli, na yule kijana wa ofisi ya kwanza.

Asije mtu akasema mimi ni mpinga maendeleo. Siku iliyofuata baada ya hotuba, tarehe 14 Juni, treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar kwenda Morogoro, nami sikukaa sana kabla ya kukata tiketi yangu ya 13,000 nikaenda kumjulia hali mama mkwe. Nakuambieni, nilikaa dirishani nikaona minazi inarudi nyuma kama inayofukuzwa. Kilomita 160 kwa saa! Chai haikumwagika. Kwa basi safari ile ni nusu siku ukichanganya na foleni ya Kibaha. Sisi tulikuwa Morogoro kabla ya saa mbili kutimia. Nilimwambia mke wangu, "Hii ndiyo kodi yangu hii inayokwenda mbio." Akasema labda inakimbia isionekane na mimi.

Tukarudi jioni kwa mwendo ule ule. Kutoka stesheni mpaka Kariakoo si mbali, tukatembea, mimi nikiwa bado nimejaa kiburi cha mtu aliyetoka kusafiri kwa umeme. Mtaani kwetu umeme ulikuwa umekatika. Nikawa nasimulia huku nikirusha mikono, nikalisahau tawi la mwarobaini, na mguu wa kulia ukaingia chemba mpaka gotini. Kiatu sijakipata hadi leo. Nikakaa ukingoni nikajiambia: nchi yangu inaweza kunifikisha Morogoro chini ya saa mbili, lakini kunifikisha kitandani kwangu imeshindwa.

Hapo ndipo ugomvi wangu na vipaumbele ulipo. Sina kesi na vitu vikubwa. Vikubwa vina bahati: vina jiwe la msingi, vina utepe na mkasi, vina bendi na vijana wa halaiki. Mfuniko wa chemba nani ataufungua kwa utepe? Kiongozi gani atainama pale, ashike pua kwa mkono mmoja na mkasi kwa mwingine? Kitu kisichopigika picha hakina kasma.

Na wakati mwingine hata kikubwa kinachelewa. Soko lenyewe la Kariakoo, lile lililosanifiwa na marehemu Beda Amuli, lenye mapaa kama miavuli iliyogeuzwa na upepo, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Serikali ikatoa bilioni 28 kwa ukarabati na soko jipya la pembeni. Hadi Agosti 2024 bado tulikuwa tunaliangalia kwa nje. Nilikuwa nikilipita najisemea, kama jumba zima limesubiri miaka mitatu, tundu langu linajiona nani?

Lakini mimi nimelipa! Hilo ndilo linalonikereketa. Mwaka 2013 walitaka kutukata 1,000 kila mwezi kwa kumiliki laini ya simu. Watu wakapiga kelele na kodi ile ikaondolewa. Mwaka 2021 ikaja tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja, mpaka ikabidi ipunguzwe. Mwaka huo huo kodi ya jengo ikahamia kwenye Luku. Mimi mpangaji, nisiyemiliki hata kitasa cha mlango, nikinunua umeme nakatwa kodi ya nyumba. Sheria inasema nidaiane na mwenye nyumba. Nikamwendea Bi Mkubwa wetu nikamwambia kwa heshima zote, "Bibi, kwa kodi niliyolipa mpaka sasa, ukuta wa chooni naona ni wangu." Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Chukua, baba. Ila hiyo kodi ya mwezi huu uniletee ukiwa umeubeba." Sijamdai tena.

Sasa njooni kwenye saruji. Tangu mwaka 2023 kuna shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, iwe ya hapa au ya nje. Mfuko wa kilo 50 una buku zima la serikali ndani yake. Maana yake nikiamua kuliziba mwenyewe shimo ambalo kodi yangu ilipaswa kuliziba, nalipa kodi nyingine kwa kuliziba. Ni kama kumkosa daktari hospitali, ukajitibu nyumbani kwa mwarobaini, halafu mtu akabisha hodi kudai ada ya kumwona daktari.

Kariakoo kubeba hatukuanza leo. Jina lenyewe tumelirithi kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapa. Ulimi wetu ukalilainisha likawa Kariakoo. Karne nzima imepita na kazi ni ile ile. Wa marobota wanabeba marobota, wa guta wanasukuma guta, na wenye fremu tunabeba kilemba, pango, leseni, ushuru wa taka na mashine ya risiti. Mizigo hatuikatai. Ila hata mpagazi ana haki ya kuuliza robota lina nini.

Na tuliuliza. Jumatatu ya tarehe 24 Juni, siku kumi na moja baada ya hotuba, wafanyabiashara tulifunga milango kwa kulalamikia kodi na namna zinavyodaiwa. Mwaka mmoja nyuma, Mei 2023, tulifunga vilevile, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaja kutusikiliza Mnazi Mmoja. Safari hii mgomo ukasambaa mpaka mikoani. Nakiri siku ya kwanza nililala vizuri. Siku ya pili tumbo likaanza kuuliza mgomo huu kamati yake inakaa wapi. Na siku hiyo hiyo ya pili, tarehe 25, wakati sisi tumefunga milango ya maduka, vijana wa Nairobi waliokasirishwa na muswada wa fedha waliufungua mlango wa Bunge. Wengine hawakurudi nyumbani, na hapo sina mzaha. Kesho yake Rais Ruto akasema hausaini. Kijiweni kwetu hata mambo ya usajili yalinyamaza kwa robo saa.

Kuna wanaosema bajeti ni msahafu, ikishapita haiguswi. Si kweli. Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 2015 akatushikisha mafagio, na bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Desemba 2022 Rais Samia naye akaahirisha sherehe hizo hizo, milioni 960 zikaenda kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu katika shule nane. Kwa hiyo fedha zikitaka kusoma, zinasoma, hata bila kwenda shule. Mimi naomba kuelekezwa: ni semina ipi, warsha ipi, au shangingi lipi likichelewa kubadilishwa matairi kwa wiki moja, mguu wangu utapona?

Baada ya kumaliza manung'uniko yote, fundi cherehani akaniambia, "Mzee, maneno yameisha. Tuchange." Tukaitisha kikao. Wapangaji na wenye fremu tukawa 18. Kila mmoja 10,000, msimbazi mmoja mmoja mwekundu, jumla 180,000 kamili. Kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikipiga kelele za uwajibikaji kuliko wote, nikachaguliwa mweka hazina bila kupingwa. Nikatoa hotuba fupi. Nilitaja uwazi mara nne.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa nazungumza kama mtu mzima. Kikao chenyewe kilikuwa mchana wa jua; haiwezekani watu 18 wakatoa fedha zao bila hata soda. Soda 12,600. Nikaenda Buguruni kwa bodaboda kulinganisha bei za nondo, nikarudi, nikaenda tena kwa kuwa mara ya kwanza nilisahau kuuliza bei ya fremu ya chuma: 12,000. Daftari la mahesabu na kalamu, maana nilisema uwazi: 2,500. Vocha ya kumpigia fundi wa zege, ambaye hapokei mpaka mara ya saba: 5,000. Siku ya pili nilirudi usiku na nyumbani wameshakula, nikanunua chipsi mayai, 4,000, nazo nikaziandika "chakula, safari ya kikazi." Halafu Luku ikaisha Jumapili nami sina kitu mfukoni, nikaukopa mfuko 10,000 kwa masharti nafuu. Masharti niliyapanga mwenyewe.

Jumla 46,100. Salio 133,900. Mfuniko hakuna.

Niliitazama ile hesabu nikatafuta cha kujifariji. Katika bajeti ile ya nchi, zaidi ya trilioni 34 zilikuwa za matumizi ya kawaida, mishahara na madeni yakiwemo, na trilioni 14 na ushee ndizo zilizokuwa za maendeleo. Yaani katika kila shilingi kumi, kama saba zilikuwa za kawaida. Mimi za kawaida hazikufika hata tatu. Nikajiona mchumi. Nikamwonyesha mke wangu kwa fahari, na kosa likawa hilo, kwa sababu mke wangu hana haja ya kusubiri mwisho wa Machi kama Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Alipitia daftari amesimama, mwiko mkononi. Soda akazipitisha. Bodaboda ya pili akaiwekea alama. Kwenye chipsi akasimama muda mrefu.

"Safari ya kikazi," akasoma kwa sauti. "Mayai mangapi?"

"Mawili."

"Na chakula chako nilikuwa nimekifunika." Akafunga daftari. "Hati yenye mashaka, mheshimiwa mweka hazina."

Habari za ukaguzi kwenye nyumba ya Kiswahili hazihitaji gazeti. Ukuta ule wa chooni niliosema ni wangu haufiki juu. Alfajiri nikasikia hodi. Alikuwa mama muuza vitumbua: "Baba, samahani, ile risiti." Nikiwa napiga mswaki akaja kijana wa chumba cha uani. Nikafungua fremu nikamkuta fundi cherehani amekaa kwenye kiti changu, amekunja nne. "Mwenyewe unatuimbia kila siku," akasema. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Sasa tunadai." Watu 18, msimbazi mmoja mmoja, na sikulala siku tatu. Siku ya nne nikauza zipu za katoni mbili kwa bei ya kuzitupa, nikarudisha 46,100 zote, hata za soda ambazo walizinywa wao. Wiki hiyo hiyo fundi wa zege akamwaga mfuniko, ukakauka, ukawekwa. Mzito, mweupe, mzuri kama kaburi la tajiri. Risiti zote nikazibandika ukutani, na ya saruji juu kabisa, ionekane.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mimi nilikosa usingizi kwa elfu arobaini na sita, na wanaoshika trilioni wanalala. Roho yangu si nyeupe kuliko zao. Ile chipsi mayai nimeshaikiri. Tofauti ni kwamba mimi wanaujua mlango wangu. Wanajua ninatoka saa ngapi kupiga mswaki. Mlango wa kasma yangu uko Dodoma, na nashukuru tangu mwisho wa Julai 2024 treni inafika huko. Kwa nauli ya mwaka huo, ni 31,000 kwenda, na kurudi 31,000 nyingine. Nikienda kudai mfuniko wa 180,000 mara tatu, nauli imeumeza mfuniko.

Nilikuwa naandika sentensi hiyo juzi asubuhi niliposikia hodi. Nikajua ni mama wa vitumbua. Kumbe ni kijana nadhifu, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi, amesimama juu ya mfuniko wangu kwa viatu vilivyong'aa. Akanisalimia shikamoo, nikaitikia marahaba. Akainama, akaupiga picha.

"Mzee wangu," akasema, "hii chemba ni yetu. Nani amewapa kibali cha kuijengea?"

Miezi mitatu nimezunguka ofisi nne nikitafuta chemba hii ni ya nani, na kumbe njia ilikuwa nyepesi tu: iweke mfuniko, mwenyewe atakuja. Akaniambia kuna faini, si kubwa, na namba ya malipo ataituma sasa hivi kwenye simu yangu. Simu ikalia hapo hapo, kabla hajamaliza kusema. Mtandao siku hiyo ulikuwa mzuri ajabu.

"Mwanangu," nikamuuliza, "nikilipa, nitapata risiti?"

Akashtuka kana kwamba nimemtukana. "Mzee! Risiti ni lazima."